Mustikeri Niliyosema Imeibwa

Juru, Alhamisi, jua bado liko juu

Riziki wangu,

Salamu sikuandikii. Tumeshinda wote leo, umeniona nikipika, umeniona nikigombana na kuku, unajua mimi ni mzima. Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na kwaya yenu haijui kumaliza wimbo, kwa hiyo nafasi ninayo. Baba yako yuko nje anafunga godoro lako kwenye baiskeli kwa mara ya tatu. Akimaliza anaona kamba imelegea, anafungua tena. Mwache. Ndiyo namna yake ya kulia.

Usitegemee nikuambie ule vizuri, ufue nguo, ujihadhari na wanaume wa mjini. Hayo nimekuimbia miaka kumi na tisa. Kama hayajaingia, karatasi haitayaingiza. Ninaandika kwa sababu kuna jambo moja ambalo mdomo wangu umekataa kulisema. Tangu Jumapili nimejaribu mara nne. Nakuita, unakuja, unasimama mbele yangu, halafu nakuambia uniletee chumvi. Jana ukaniuliza, "Mama, hii chumvi yote ni ya nini?" Ilikuwa ya woga, mwanangu. Mimi, mama yako, ambaye watu wa kijiji hiki wanasema haogopi hata askari.

Kesho utafika Mbarara na utalala chumba kimoja na Goreti. Siwezi kukuacha uingie chumba kile ukiwa umebeba uongo wangu bila kujua.

Nianze na kosa la wiki iliyopita, ambalo unalijua. Ulipokuja na habari kwamba Goreti amekupatia kazi kwenye duka la dawa za mashamba, nilikujibu nini? Mbele ya wadogo zako nilisema, "Enda basi! Enda kwa mutoto wa muuaji wa nyuki, mukauze sumu bote wawili." Ulitoka nje, na usiku ule hukula. Nilijua nimekosa kabla sijafunga mdomo. Lakini unanijua mimi, nikishapanda juu ya neno sishuki. Leo nashuka. Nisamehe.

Sasa lile kubwa.

Kwetu Mwenga mwanamke hakaribii mzinga. Babu yako, baba yangu, alikuwa na mizinga ya magogo juu ya miti, na sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kusimama mbali tukiwa na beseni, tukisubiri asali ishuke. Siku moja niliuliza kwa nini kaka yangu apande na mimi nisipande. Shangazi akanijibu, "Wanawake habapandaka ku muzinga. Nyuki banakasirika." Wapi! Nilikuwa nimeshawaona nyuki wakimuuma kaka mpaka jicho likafunga, na kaka hakuwa mwanamke. Basi nikaweka neno lile moyoni, tukakimbia vita, tukafika hapa kwenye makazi ya wakimbizi, na neno bado liko moyoni.

Hapa Juru tulipewa kipande chetu, tukapanda maharage na mahindi kama watu wote, na pembeni nikapanda maboga. Maua yalitoka mengi, ya manjano, mazuri kabisa. Nyuma ya maua ya kike viboga vikatokea, vidogo kama ngumi ya mtoto mchanga. Halafu vikaoza na kuanguka. Vyote! Majirani wakasema ni ardhi, wengine wakasema ni jicho la mtu. Mimi nilijua. Ua la boga linafunguka asubuhi moja tu, jua likikaza linajifunga, na kama nyuki hajapita na unga wa ua dume, basi, hakuna boga. Na nyuki hawakuwepo. Miti walikokaa ilikuwa imegeuka makaa, na waliobaki walikuwa wanachomwa moto na watu wanaotaka asali ya siku moja.

Utakumbuka nilikuwa naamka alfajiri, nachuma maua dume, naenda kupaka moja moja kwenye maua ya kike. Wanawake wa bombani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Riziki anaozesha maboga!" Wacheke. Msimu ule sisi tulikula maboga na wao walikuja kuomba. Lakini mtu hawezi kufanya kazi ya nyuki kwa vidole maisha yake yote. Nikasema nitawaleta nyuki hapa, na mwanamke ndiye atawaleta.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kundi la nyuki lilitua kwenye mti wa miiba nyuma ya bomba la maji, likaning'inia pale mchana kweupe. Watu wakakimbia na madumu yao. Mimi nikakimbilia nyumbani. Sikuwa na nguo za kazi wala kofia. Nilikuwa na kitu kimoja tu kipya: mustikeri, kile chandarua walichotugawia juzi yake, bado kimo ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nikakirarua.

Dada aliyetugawia alikuwa amesema kwa sauti kubwa, na nilikuwa mstari wa mbele: "Kina dawa. Mkitandike kwanza kivulini siku nzima. Mbu akikigusa anakufa." Mimi nilisikia mbu. Nyuki sikuwasikia.

Nilitandika mustikeri chini ya tawi, nikatikisa, wakaanguka wote pamoja kwa uzito wao, nikafunga pembe nne na kujitwika kichwani. Ulikuwa unatembea nyuma yangu pamoja na Goreti, mmeshikana mikono, mnapiga vigelegele. Riziki, siku ile nilijiona nimemjibu shangazi na ukoo wote. Nikawatundika jikoni, kwenye boriti, wasubiri baba yako amalize kuchonga mzinga. Hakumaliza siku ile. Asubuhi nilifungua mlango nikakanyaga nyuki. Walikuwa lundo, wamekauka, mustikeri imelegea kwenye boriti.

Nililia kwa hasira. Na hasira inatafuta mtu. Upande wa pili wa ua wetu wa minyaa alikuwa Baba Goreti, Mrundi mpole, mkulima wa nyanya. Jioni ya jana yake nilikuwa nimemwona akipita na pampu yake ya mgongoni. Sikujiuliza mara mbili. Nikaruka ua na kumwita muuaji mbele ya mkewe na watoto wake.

Tukapelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Unaujua upepo wa hapa: mchana unatoka kwao kuja kwetu, jioni unageuka. Kwa hiyo swali la mwenyekiti lilikuwa moja tu. "Mama, ulimwona akipiga dawa saa ngapi?"

Baba Goreti alikuwa ameshajibu lake. Alisema polepole, kofia mkononi, "Mimi dawa napiga jioni, nyuki wakiisha kurudi kwao. Hata maua nayaangalia. Baba yangu alinifunza hivyo kule Makamba." Watu wakacheka. Nani anapiga dawa gizani?

Na mimi nilikuwa nimemwona jioni. Kwa macho yangu haya. Lakini niliona nikisema jioni nitashindwa, na nilikuwa na hakika kwamba ni yeye, na mtu mwenye hakika anaona uongo mdogo si kitu. Nikasema, "Mchana. Jua linawaka."

Ndivyo nilivyoshinda. Wakamkataza kulima nyanya karibu na ua wetu, na pale ndipo palipokuwa na maji, fasi nyingine hakuwa nayo. Msimu uliofuata Goreti hakurudi shuleni. Na mimi nikakukataza kuvuka ua. Ulikuwa unasimama upande huu na yeye upande ule, mnatazamana kupitia minyaa. Nilikuona. Nilijifanya sijakuona.

Bado sijafika penye ubaya wenyewe.

Mvua zilizofuata lilikuja kundi lingine. Mara hii lilijiingiza lenyewe kwenye mzinga wa baba yako, bila kuniomba ruhusa. Nilifurahi kama bibi harusi. Ile mustikeri nilikuwa nimeifua kidogo na kuwatundikia wadogo zako, nikakata kipande nikashonea kwenye kofia ya majani nipate kulinda uso. Nikaenda kuwatazama. Wakaja, wakatua kwenye kofia kama kawaida yao, wakatembea mbele ya macho yangu. Halafu mmoja akaanguka begani. Akazunguka kwa mgongo, miguu inatetemeka. Akaanguka mwingine. Nilipofika jikoni nilivua kofia, na mabegani nilikuwa na nyuki wengi waliokufa.

Nilikaa chini palepale. Nikaikumbuka sauti ya yule dada: mbu akikigusa anakufa. Mimi ndiye niliyewaua. Niliwafunga kwa mikono yangu ndani ya dawa, nikawabeba kichwani nikiimba.

Wakati ule Baba Goreti alikuwa bado hajahama, Riziki. Hapo ndipo penyewe. Alikuwa upande wa pili wa ua, namsikia akikohoa. Ilikuwa hatua thelathini hivi kutoka jikoni kwangu mpaka mlangoni kwake. Ningeweza kwenda. Badala yake nilichukua jembe, nikazika mustikeri nyuma ya choo, na baba yako alipouliza nikasema imeibwa kwenye kamba ya nguo. Wadogo zako walilala bila chandarua mwezi mzima, na mdogo wako wa mwisho akapata malaria. Baada ya wiki mbili Baba Goreti na watu wake wakapakia vitu vyao wakaenda Oruchinga kwa dada yake. Nilisimama kwenye ua. Aliniona, akavua kofia, akasema, "Ubaki na amani, Mama Riziki. Nyuki usiwaache." Hakuwa na kejeli. Ndiyo maana sijasahau.

Wanasema fuata nyuki ule asali. Asali nimekula, sikatai. Leo nina mizinga saba, na wanawake waliocheka bombani sasa wana yao. Wananiita Mama Nyuki. Unajua ninavyozunguka kijiji hiki msimu wa maua. Nikimwona mtu na pampu saa tano asubuhi nasimama katikati ya matuta yake, apige dawa na mimi nikiwamo. Nawaambia maharage yako yanafunguka, maboga yako yanafunguka, nyuki wako kazini, subiri jioni. Wanaiita sheria ya Mama Riziki. Siku moja mtu kutoka mjini aliiandika kwenye daftari lake, akanishukuru.

Sheria ya Mama Riziki! Ni ya Baba Goreti. Ni neno lilelile alilosema akiwa ameshika kofia, watu wakamcheka, na mimi nikalizika kwa uongo. Nilimfukuza mtu kwa kosa asilofanya, halafu nikabaki na hekima yake nikaipa jina langu. Makosa ninayo mengi, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Usinionee huruma. Huruma sikuiomba na sitaipokea. Na usifikiri sasa nimekuwa mpole. Kuna wazee hapa wanaosubiri miaka yote nijikwae ili waseme, mnaona, mwanamke na mzinga haviendi pamoja, mizinga ichomwe. Wale wa makaa wanataka ule mti wa miiba nyuma ya bomba tangu zamani, na mimi ndiye ninayewazuia. Ndiyo sababu niliyokuwa nikijipa ya kunyamaza. Nilijiambia, nikisema ukweli wataangusha mti, watachoma mizinga, na nyuki watalipia kosa langu. Sababu nzuri, eh? Hata mimi niliiamini. Lakini mficha ugonjwa kifo humuumbua, na mimi nimechoka kujificha nyuma ya nyuki. Wao hawajaniomba niwe mwongo kwa ajili yao.

Basi sikiliza nitakachofanya. Jumapili baada ya misa kuna mkutano. Nimeshamwomba mwenyekiti nafasi. Ameuliza ni jambo gani, nikamwambia atalisikia na wengine. Nitasimama palepale niliposimama mwaka ule, niseme ilikuwa jioni. Niseme na habari ya mustikeri, ili mama mwingine asije akakamata nyuki nayo au kufunikia mzinga. Mustikeri si adui, ilinde watoto kitandani, hiyo ndiyo kazi yake. Watacheka? Wacheke, kicheko chao nakijua. Watasema nitoe mizinga? Hapo ndipo watajua kwamba anayeungama bado ana meno. Kosa ni langu, halikutendwa na nyuki. Anayetaka kumchoma mtu kwa uongo ule anichome mimi, mizinga haitoki. Na mti hauanguki.

Jumatatu nitapanda pikipiki kwenda Oruchinga.

Baba yako nilimwambia jana. Nilifikiri atakasirika. Akasema, "Nilijua. Mwizi gani anaiba mustikeri yenye tundu la kukata na mukasi, na mukasi uko mezani kwako?" Miaka yote hii! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilikuwa nangojea wewe." Mtu huyu ataniua siku moja kwa upole wake.

Sasa kuhusu kazi yako. Nenda. Nilisema unaenda kuuza sumu, na ni kweli ni sumu, lakini bora aiuze mtu anayejua nyuki anavyokufa. Wewe umeona lundo lile jikoni. Wafugaji wa Bwizibwera watakuja kutafuta dawa ya kupe, wenye nyanya watakuja kutafuta ya wadudu, wenye mahindi watakuja kutafuta ya magugu. Kila mmoja ana haraka, na hakuna aliyesoma karatasi ya chupa, kama mimi sikumsikiliza yule dada. Wewe isome. Halafu muulize mtu wako maswali mawili tu: shambani kuna maua? Na utapiga saa ngapi? Atakushangaa. Atasema, "Nyabo, dada yangu, wewe uza tu." Muulize tena. Bosi wako akinung'unika, mwambie mteja aliyepata maboga hurudi dukani, na aliyekosa huacha kulima. Akikufukuza kwa hilo, rudi nyumbani, kuna mzinga wa nane unangoja mtu.

Lakini usishindane naye kwa uongo. Hilo nakuomba, si kama mama anayejua, kama mtu aliyeungua. Utakuwa na haki mara nyingi mjini, una kichwa kizuri. Siku utakayokuwa na haki na ushahidi haujatosha, utasikia hamu ya kuongeza kidogo tu, neno moja, mchana badala ya jioni. Kubali kushindwa siku hiyo. Mimi nilishinda, na ushindi wenyewe ndio huu ninaouandika.

Ndani ya begi lako la vyombo vya jikoni, chini ya unga wa muhogo, kuna chupa mbili za asali. Ndogo ni yako. Kubwa ni ya Goreti. Usimpe kabla hajasikia, asije akafikiri namhonga. Barua hii ni yako lakini nakuruhusu umsomee yote, hata pale nilipomwita mtoto wa muuaji. Anaweza kukasirika. Anaweza kukufukuza chumbani, na akikufukuza usimlaumu, alitolewa shule kwa ulimi wangu. Utakaa mlangoni mpaka akufungulie. Mlitazamana kupitia minyaa, kisha mkatenganishwa miaka mingi kwa sababu yangu, na bado, alipopata kazi, jina la kwanza alilolitaja kwa bosi lilikuwa lako. Mtoto yule ana moyo wa baba yake.

Nasikia kwaya inaimba ule wimbo wa mwisho, ambao si wa mwisho. Baba yako amefungua kamba tena.

Kama barua nzima ni ndefu kumsomea, au sauti ikikukataa kama ilivyonikataa mimi, acha karatasi. Mtazame tu na umwambie haya: baba yako alipiga dawa jioni, na mama yangu alimwona.

Mama yako